Mkono wa Mama Mlangoni

Lindi, 9 Juni 2024

Na hilo la kwamba nimekonda, kaka Huseni, aliyekuambia hakunitazama vizuri. Nimenenepa. Lile gauni la kijani ulilonipa Idi limeanza kunibana mikono, na Maftaha anasema nikiendelea hivi itabidi abomoe mlango ili niweze kutoka kwenda sokoni.

Shikamoo kaka. Natumaini bahasha hii itakukuta mzima hapo Somanga, na Mama mzima huko Kikole, na Mama Parin mzima dukani kwake, bado anakugombeza kwa kumjazia baraza simu mbovu za watu. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi aiache kwake kama ulivyotaka, maana sijapata kuona fundi simu asiyetaka kuzungumza na dada yake kwa simu. Ijumaa ukienda nyumbani msomee Mama polepole. Sehemu za Maftaha usiziruke, nakujua.

Ndoa yetu leo ina wiki saba. Kaka, nilimaliza kidato cha nne nikidhani mapenzi ni yale maneno ya kwenye daftari za wasichana wenzangu, kumbe ni mtu anayekuchotea maji ya kuoga kabla hajachota yake. Akirudi kazini anapiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe na kusubiri nje mpaka niseme karibu, eti siku nzima ameingoja hiyo karibu. Jana alimenya chungwa akaniachia lote, akabaki ananusa maganda. Nikamwambia, "We mwanaume una wazimu." Akasema, "Ninao, na mganga wake ni wewe." Usicheke.

Nikusimulie alivyokwenda Kikole mwezi uliopita kwa kazi ya kampuni. Walikuwa wanaandikisha wakulima wa korosho kwenye kishikwambi, ili salfa ya kupulizia mikorosho iwafikie kwa wakati na mashamba yao yaonekane kwa setilaiti. Mwenye shamba anatakiwa azunguke na mwandikishaji, amwonyeshe pembe zote nne na kila kilichomo. Sasa Mama na mkwe wake wazunguke shamba pamoja? Unamjua. Maftaha akitokea njia ya kisimani, Mama anaingia kwenye mihogo. Amekwisha sema haya hiyo itaisha siku nikizaa mtoto wa kwanza, hapo ndipo watakapokula sahani moja. Basi akajifungia ndani. Maftaha na mwenzake Klementi wakazunguka peke yao, wakarudi, Maftaha akasimama kizingitini amegeuza mgongo, akanyoosha kishikwambi nyuma kama mtu anayepokeza sinia. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Mama ukatoka, kucha bado zina hina ya harusi yetu, akagusa kioo kwa kidole gumba, mkono ukarudi ndani. Hawakusemezana neno. Klementi aliuwahi ule mkono kwa picha.

Aliponisimulia nilicheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli kwa jinsi walivyoheshimiana. Niandikie basi. Siku ya harusi ulikaa kama mtu anayesubiri basi lililokwisha pita. Niandikie kwamba unanifurahia.

Mdogo wako,
Sauda


Somanga, 23 Juni 2024

Mdogo wangu Sauda,

Marahaba. Mimi mzima. Mama mzima, ana kikohozi kidogo tu, ni vumbi. Mama Parin anasema mtu aliyeolewa juzi akiandika barua ndefu hivi, mume wake anakula saa ngapi.

Nakufurahia. Nimeandika, sasa usiniulize tena.

Mama nilimsomea yote. Pale pa kubomoa mlango alicheka akajifunika uso kwa kanga, kama Maftaha yumo chumbani. Pale pa kidole gumba hakucheka. Nilimuuliza kile kioo kilikuwa kimeandikwa nini. Akasema, "Sikuuliza. Mtu anamuuliza mkwe wake?" Nikamwambia angeuliza kwa kupitia kwa Klementi. Akasema Klementi naye alikuja na mkwe, kwa hiyo ni mkwe.

Hadi leo salfa haijafika. Mikorosho imetoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga umeanza kuyashika, nimenunua mfuko mmoja hapa kwetu nikampelekea. Kwenye simu ya Mama umekuja ujumbe mmoja tu: asante kwa kujiunga, na namba ndefu. Kujiunga na nini, haukusema.

Unanishangaa kuhusu simu. Mwaka wa kumi na moja huu nazifungua, najua kilichomo. Kila siku wateja wananionyesha habari: mtambo mpya, programu mpya, mkulima sasa kaunganishwa na dunia. Nazisoma zote, kazi yangu ina muda mwingi wa kukaa. Zinakwambia mashine inaona mpaka jani la mkorosho, na mkubwa gani alikuja kukata utepe. Hazijapata kuniambia mashine ikishaona inampelekea nani. Nikisoma hapo nageuza ukurasa natafuta, naambulia tangazo la sabuni.

Basi nakuomba kitu kimoja. Mwambie mumeo akupe nakala ya alichokigusa Mama. Karatasi, ya kushika.

Huseni


Lindi, 14 Julai 2024

Kaka Huseni, shikamoo.

Natumaini ninyi nyote wazima na kikohozi cha Mama kimekwisha. Mwambie achemshe mchaichai. Sisi wazima kabisa. Maftaha amenunua redio, jioni tunasikiliza taarabu, yeye anaosha vyombo mimi nimekaa. Jirani yangu Veronika alimwona akasema hajawahi kuona Mmatumbi ameshika sufuria, nikamwambia hajaona vingi.

Na sasa furaha kubwa. Picha ya mkono wa Mama imetoka gazetini. Kurasa za katikati, rangi zote, kizingiti chetu na ule mlango wa bluu, na mkono umenyooka na pete yake ya fedha. Wameandika: Mkulima wa Kikole akipokea teknolojia. Nimeikata nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Kila anayeingia namwambia, huyo ni mama yangu mzazi. Nakutumia nakala nyingine humu ndani umwonyeshe Mama.

Kuhusu ile karatasi, nilimwomba. Alikuwa anacheka na kitu redioni, akaizima. Akasema, "Mwenzangu, kazi yetu ina mambo tumetia saini tusiyaseme, hata kwa wake zetu." Nikamuuliza kwani ni mambo mabaya. Akasema, "Ni mambo ya mkataba." Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo alikwisha viosha.

Kaka, mimi nilimpenda zaidi. Mwanaume anayejua kutunza siri ya wengine atatunza na yangu. Wewe tangu nikiwa mdogo unaona wezi kila mahali. Ulipinga mnara wa simu, na leo unaishi kwa simu. Usimsomee Mama sehemu hii ya mwisho.

Sauda


Somanga, 11 Agosti 2024

Sauda,

Marahaba. Mama Parin anakusalimu. Mama yuko nyumbani, shughuli zake anazifanya asubuhi, jua likipanda anapumzika.

Picha aliishika muda mrefu. Akasema, "Wamechukua mkono, mbona uso hawakuutaka?" Nikamwambia uso ungeweza kuuliza swali. Hakucheka, ameiweka kwenye msahafu.

Sasa nisikilize, na hili ulisome ukiwa peke yako. Wiki tatu zilizopita walikuja watu na gari la kampuni, wakachimbia bikoni nne, zile nguzo fupi za mpaka za saruji, shambani kwetu. Mbili ziko mpakani. Nyingine mbili zimekata shamba upande wa mashariki, zimeingiza ndani kile kichaka. Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu ya Mama, safari hii kwa Kiswahili kizuri: eneo hilo limeandikwa kuwa msitu wa asili, kwa ridhaa ya mmiliki. Kukata mti, kufyeka, kuchimba shimo lolote, marufuku kwa miaka thelathini. Setilaiti inalitazama. Nilivyoelewa, wenye viwanda vya ng'ambo wananunua haki ya kutoa moshi wao kwa sharti kwamba miti yetu isiguswe. Salfa ilikuwa chambo tu.

Kichaka unakijua. Unajua ni kwa nini kimekuwa kichaka. Alipolala Baba hatufyeki, na alipolala mdogo wetu Bashiru hatufyeki, wala alipolala Bibi. Miti imejiotea yenyewe tangu hujazaliwa na kila mtu Kikole anapita mbali nayo. Bakuli la Baba lenye maua ya buluu bado lipo kichwani pake, Mama hulifuta vumbi kila mfungo. Kutoka juu kunaonekana msitu, silaumu mashine. Lakini mashine ilikuja na mtu mwenye miguu, na mwenye shamba alikuwa nyuma ya mlango kwa sababu mtu huyo ni mkwe wake. Angekuja mwandikishaji mwingine yeyote, Mama angemshika mkono mpaka kwenye lile bakuli.

Nimekwenda ofisi ya wilaya mara tatu kuomba kuuona mkataba. Mara ya kwanza mwenye faili alikuwa safarini. Ya pili faili lilikuwa safarini. Ya tatu karani aliniambia kwa upole, "Faili lipo, kaka, lakini si la kusomwa. Lina siri ya biashara ya mwekezaji." Nikamuuliza, na siri ya Mama je, kaburi la mume wake? Akasema niandike barua. Niliandika palepale. Akaigonga muhuri: SIRI. Nilipoomba nakala akasema sasa hairuhusiwi.

Mama haulizi mambo ya miti. Ananiuliza kitu kimoja, yeye atalala wapi.

Muulize mumeo aliona nini siku ile. Usiniulize kwa simu.

Huseni


Lindi, 8 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Tu wazima. Nina habari njema, mwambie Mama kwanza kabla hujasoma mengine: nina mimba ya miezi miwili. Natapika kila asubuhi, na Maftaha anashika beseni kama ameshika kitabu kitakatifu. Akizaliwa, haya itaisha. Mama na Maftaha wataweza kusema. Mama atamwongoza mwenyewe mpaka kichakani, amwonyeshe, na yeye atarekebisha kwenye kile kishikwambi. Ni miezi saba tu. Mwambie Mama asubiri miezi saba.

Kuhusu ile karatasi, sikuona kitu.

Maftaha siku hizi hali vizuri. Huenda ni joto. Bado anapiga hodi mlangoni, lakini nikisema karibu anakaa kidogo kabla hajaingia.

Nampenda, kaka. Najua hukuuliza.

Sauda


Somanga, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Mama amefurahi mno kwa hiyo mimba. Alipiga kigelegele kimoja, kikakatishwa na kikohozi. Amenituma nikuambie kwamba akiwa wa kike asipewe jina lake, lina uzito.

Amesema pia anatamani akuone. Njoo. Usisubiri Idi wala mapumziko ya mumeo, njoo peke yako. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Huseni


Lindi, 13 Oktoba 2024

Kaka Huseni, shikamoo.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimeipokea tarehe sita. Kondakta tuliyemzoea alikuwa mgonjwa, bahasha ikakaa chini ya kiti cha dereva ikienda Dar na kurudi. Nilipoisoma Mama alikuwa na siku nne kaburini. Nimeisoma "njoo" yako nikiwa nimekwisha kuja na kurudi.

Kwa hiyo ulinipigia simu mara moja tu maishani. "Sauda, Mama ametutoka. Tunazika adhuhuri." Nilimjibu nini sikumbuki. Tulifika alasiri, na nikakuta watu wanaosha mikono. Nilikuuliza amelala wapi, ukanyoosha kidole kuelekea barabarani, kwenye makaburi ya kijiji, miongoni mwa watu asiowajua. Ukaniambia mlianza kuchimba kule kwa Baba, mlinzi wa kampuni akaja na pikipiki, akasema ameona wingu la vumbi na hataki matatizo, na nyinyi mlikuwa na maiti ndani, hamkuwa na muda wa kubishana. Maftaha alikupa mkono wa pole. Ulimtazama, ukaupokea kwa kuwa watu walikuwa wanaangalia. Sikukulaumu.

Sasa nataka kukuambia nilichokuficha. Mwezi wa tisa, tarehe mosi, nilikuwa natafuta shati lake la kufua nikaikuta ramani kwenye mkoba. Shamba letu, jina la Mama, alama ya kidole chake kwenye duara. Upande wa mashariki kijani kitupu: msitu. Nikairudisha. Wiki moja baadaye nikakuandikia sikuona kitu. Kaka, furaha yangu ilikuwa na miezi minne tu. Niliona kama nikiitaja ile ramani, hodi ya mlangoni itakoma, na beseni, na machungwa. Nikajiambia miezi saba si mingi. Mama alikuwa anakohoa, nawe hukuniambia kwamba anakohoa damu. Mimi sikukuambia niliona, wewe hukuniambia anakufa. Tulikuwa tunaogopa simu isitusikie, tukasahau kuambiana.

Juzi niliiondoa ile picha ukutani. Maftaha akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Nimeona kuna mlango humu, na wewe umesimama nje yake, hukuuliza." Akakaa kitandani. Ndipo akaniambia.

Aliliona bakuli. Lenye maua ya buluu. Aliona na mawe ya kichwani, akajua ni watu wamelala pale. Klementi naye aliona. Lakini kishikwambi kilikuwa na vitufe vitatu tu: shamba, nyumba, msitu. Hakuna kitufe cha kaburi. Waliambiwa ofisini, mwenye shamba akisema jambo la ziada, andikeni pembeni. Asiposema, songeni mbele. Akasimama mlangoni amegeuza mgongo, akamsubiri Mama aseme. Alihesabu pumzi kumi, kaka, ameniapia. Mama naye ndani alikuwa anasubiri mkwe amuulize. Kila mmoja akamheshimu mwenzake. Kisha kidole kikagusa.

Nikamwambia, ungegeuka. Akasema, "Nigeuke nimtazame mama mkwe?" Akasikia mwenyewe alivyosema, akalia. Sijawahi kumwona mwanaume analia hivyo, kama anayetapika. Nilitaka nisimshike. Nikamshika.

Asubuhi yake redio ilisema Kikole ni kijiji cha mfano, wakulima wamepokea mradi kwa mikono miwili. Nikakukumbuka wewe na tangazo lako la sabuni. Mkono ulikuwa mmoja, na nilikuwa nimeubandika ukutani najivunia.

Najua Mama hatahamishwa. Aliyezikwa amezikwa. Lakini pale kwa Baba kuna nafasi yako, na yangu, na kuna Bashiru mdogo ambaye kwenye faili la kampuni ni mti. Maftaha amenipa nakala ya ramani na ya kile walichotia saini. Iko ndani ya kitenge changu, sitaiamini mikononi mwa kondakta. Amekubali kuja kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, na kusema kwa sauti alichokiona na alichoambiwa asiseme. Kazi itakwenda. Anasema huenda na yeye akaenda, jela, kampuni ina mawakili. Nimemwambia nitamchotea mimi maji ya kuoga.

Sijui kama nampenda kama mwezi wa sita. Nampenda namna nyingine, yenye maumivu, na sikuisoma popote kwenye zile daftari.

Usizing'oe bikoni kwa hasira, wataifanya kesi. Kichaka usikiguse, tuikute njia ya kufikia bakuli ilivyo. Pete ya Mama niwekee. Na ule mlango wa bluu usiufunge kwa kufuli, uache wazi kabisa. Maftaha hajawahi kuuingia, na ninataka akisimama pale safari hii asimame amegeuza uso ndani, hata kama hakuna mtu.

Tunakuja wote wawili, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako,
Sauda